Maana Peke Yake Haitoshi: Uhakiki wa Ufundishaji wa Msamiati Mgumu wa Kiingereza

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuona kurasa za jarida la walimu wa Kiswahili zikitumika kuzungumzia msamiati wa Kiingereza. Tunaomba watuvumilie. Hapa kwetu Uganda walimu wengi wa Kiswahili ni walimu wa Kiingereza pia. Asubuhi twasimama mbele ya darasa tukifundisha ngeli za majina, na baada ya mapumziko twasimama mbele ya darasa lile lile tukifundisha Kiingereza. Kosa tulifanyalo katika somo moja twalibeba mpaka katika somo la pili. Kwa hiyo uhakiki huu, ingawa waanzia ugenini, utaishia nyumbani.

Tunachokihakiki si kitabu kimoja bali ni mtindo mzima. Kila mwalimu aujua. Mwalimu huandika ubaoni neno gumu la Kiingereza. Mbele ya neno huandika maana fupi. Chini ya maana huandika sentensi moja ya mfano. Wanafunzi hunakili katika daftari, hukariri usiku, na siku ya Ijumaa hupewa jaribio. Anayepata ishirini kwa ishirini husifiwa kuwa ana msamiati mpana. Sisi wenyewe tulisomeshwa hivyo, nasi tumewasomesha wengine hivyo kwa muda wa miaka karibu ishirini. Basi yatakayosemwa hapa si lawama kwa wenzetu. Ni hesabu tunayojitolea sisi wenyewe.

Hesabu hiyo tulianza kuifanya siku moja ya furaha iliyogeuka kuwa ya fedheha. Mwalimu mkuu wa shule tuliyokuwa tukifundisha alikuwa anastaafu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, hodari sana katika majaribio yetu ya Ijumaa, aliteuliwa kusoma hotuba ya kumuaga kwa niaba ya wanafunzi. Aliitunga kwa siku tatu, wala hakukubali tuipitie, kwa kuwa alitaka kutufurahisha kwa ghafla. Siku ilipofika, mbele ya wazazi, viongozi wa dini na maafisa wa elimu, alisimama wima na kutangaza kwa sauti kuu kwamba shule nzima inamshukuru mwalimu mkuu wake aliye "notorious". Waliojua Kiingereza waliangua kicheko. Wasiokijua wakacheka kwa kuwafuata wenzao. Kijana alisita, akatutazama sisi tuliokaa mstari wa mbele, kisha akaendelea kusoma kwa sauti ya chini mpaka mwisho.

Jioni ile tulimweleza kwamba neno hilo husemwa juu ya mtu aliyevuma kwa ubaya: mwizi, tapeli, mla rushwa. Hakujibu kitu. Akatuletea daftari lake. Hapo, kwa mwandiko safi, tuliona neno lenyewe, na mbele yake maana: anayejulikana na watu wengi. Chini yake palikuwa na mfano: mtu yule alikuwa "notorious". Mwandiko ulikuwa wake, lakini maana na mfano vilikuwa vyetu. Tulikuwa tumeviandika ubaoni kwa mkono wetu, naye alikuwa ametuamini. Muhula wote uliofuata kijana yule hakuinua mkono tena katika somo la Kiingereza.

Tuitazame kwa makini maana ile. Haikuwa uongo, kwa kuwa mtu wa namna hiyo kweli hujulikana na wengi. Ilikuwa nusu ya ukweli, na ile nusu iliyoachwa ndiyo iliyobeba uzito wa neno. Jambo hili halikukihusu Kiingereza peke yake. Mtu akituuliza nini maana ya kitenzi "kufariki", tutamjibu upesi kuwa ni "kufa". Naye, akishika jibu letu, ataandika kwamba mbuzi wa jirani yake amefariki, nasi tutacheka. Vivyo hivyo akishika kwamba "kufa" na "kufariki" ni kitu kimoja, ataandika katika barua ya rambirambi kwamba amesikia mama yako amekufa. Hapo hatutacheka, tutaumia. Maana ya maneno hayo mawili ni moja, lakini mahali pake ni mbalimbali. Mzawa wa lugha haambiwi jambo hili na mtu. Amelisikia msibani na zizini tangu utoto wake.

Mwaka 1987 wanasaikolojia wawili wa Marekani, George Miller na Patricia Gildea, walichapisha makala juu ya jinsi watoto wanavyojifunza maneno. Walieleza habari za watoto wa shule waliopewa maneno wasiyoyajua, wakaambiwa watafute maana katika kamusi kisha watunge sentensi. Mmoja alikuta neno "erode", ambalo sisi tungesema kumomonyoa, limeelezwa kwa kitenzi cha kula chenye maana zaidi ya moja: kula kitu kidogo kidogo mpaka kiishe, na pia kula chakula nje ya nyumbani. Mtoto akashika hii ya pili aliyoizoea, akaandika kwamba jamaa yao hufanya kitendo hicho mara nyingi, yaani huenda kula mkahawani. Watoto hao walizaliwa katika Kiingereza. Ikiwa maana ya kamusi iliwapotosha wao, tutashangaaje ikiwapotosha watoto wa Gulu, Mbale au Kabale ambao Kiingereza kwao ni lugha ya pili au ya tatu?

Haifai, hata hivyo, tukatupa kamusi zote kwa sababu ya hasira. Tangu zamani watunga kamusi wenyewe walijua udhaifu huu, na historia ya kazi yao ni historia ya kupambana nao. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza mwaka 1755, hakutosheka na kueleza maana za maneno yake yaliyozidi 40,000. Aliambatisha nukuu zaidi ya 100,000 kutoka kwa waandishi ili msomaji alione neno likifanya kazi. Ilikuwa busara kubwa, maana maelezo yake mengine yalikuwa magumu kuliko neno lililoelezwa. Neno "network", yaani kitu kilichofumwa mfano wa wavu, alilieleza kwa istilahi za Kilatini ambazo mvuvi yeyote wa London angezikimbia.

Walioutafutia udhaifu huo dawa ni walimu wa darasani, tena walimu waliofundisha wageni wa lugha. Michael West alifundisha Bengali, akaona wanafunzi wake wanafungua kamusi kutafuta neno moja gumu na kukuta matano mengine. Mwaka 1935, pamoja na mwenzake James Endicott, alitoa kamusi iliyoeleza kila kitu kwa maneno mepesi 1,490 tu. A. S. Hornby alifundisha Japani. Yeye na wenzake wawili walitunga kamusi iliyotokea Tokyo mwaka 1942 na kuchapwa upya na Oxford mwaka 1948, nayo ilieleza si maana tu bali pia namna kitenzi kinavyojengwa katika sentensi. Mwaka 1978 ikaja kamusi ya Longman iliyoendeleza njia ya West kwa maneno ya maelezo yapatayo 2,000. Mwaka 1987 ikaja ile ya Collins iliyosimamiwa na John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, iitwayo COBUILD, ambayo iligeuza maana yenyewe ikawa sentensi kamili, na mifano yake ikachotwa kutoka katika hazina ya mamilioni ya maneno yaliyokwisha kuandikwa au kusemwa.

Kila njia kati ya hizo ina faida yake na gharama yake. Njia ya maneno mepesi humpa mwanafunzi mwanga wa haraka, lakini huziba tofauti ndogo ndogo. Maneno "slim", "slender" na "skinny" yote yaweza kuelezwa kwa neno moja jepesi, mwembamba. Lakini la kwanza na la pili aghalabu ni sifa, na la tatu laelekea kuwa dhihaka, kama sisi tunavyotofautisha kati ya kumwita mtu mwembamba na kumwita kimbaumbau. Njia ya sentensi kamili huonyesha tofauti hiyo vizuri zaidi, kwa kuwa humwambia msomaji ni nani anayesemwa hivyo na anasemwa kwa nia gani. Gharama yake ni urefu. Nayo mifano iliyochotwa kutoka magazeti ya Uingereza ni ya kweli, lakini ukweli wake ni wa Uingereza, na mara nyingine mwanafunzi hushindwa na habari kabla hajalifikia neno.

Kundi jingine la vitabu lastahili kutajwa, kwani hupatikana hata kwa wauza vitabu wa kandokando ya barabara. Ni vile vinavyomwahidi msomaji nguvu ya maneno kwa siku chache. Mwaka 1942 Wilfred Funk na Norman Lewis walitoa kitabu cha kukuza msamiati kwa siku 30, na mwaka 1949 Lewis akatoa "Word Power Made Easy", kinachosomwa mpaka leo. Hatuvidharau. Mazoezi yake yamepangwa kwa ustadi, na mafundisho yake juu ya mizizi ya Kilatini na Kigiriki husaidia. Lakini vilitungwa kwa ajili ya Wamarekani, watu waliokwisha kuyasikia maneno hayo redioni, mahakamani na kanisani bila kuyashika vizuri. Kwao maana fupi ni kama taa katika chumba wanachoishi. Vitu vilikuwamo, sasa vinaonekana. Kwa mwanafunzi wetu chumba chenyewe ni kitupu, na taa humulika kuta.

Sasa tuje kwenye mfano, ambao wengi wetu twaufikiri kuwa ndio tiba ya upungufu wa maana. Mfano ni tiba ukiwa mfano kweli. Sentensi tuliyompa kijana yule haikuwa mfano wa kitu chochote. Twapendekeza kipimo chepesi ambacho mwalimu yeyote aweza kukitumia kabla hajashika chaki: alifute neno linalofundishwa, aache pengo, kisha ajiulize ni maneno mangapi yaweza kulijaza. Katika "mtu yule alikuwa..." yaweza kuingia mrefu, mgonjwa, tajiri, mlevi, na mengine elfu. Sentensi ya namna hiyo haifundishi neno. Yalipa neno kiti tu. Lakini tukisema kwamba genge lile lililokuwa likivunja maduka kila mwezi lilikuwa "notorious" mjini kote, hata watoto walijua jina la mkuu wake, pengo limekuwa dogo. Mwanafunzi hawezi tena kulijaza kwa sifa njema.

Mfano mzuri pia huwa na makazi. Tumewahi kuwafundisha watoto neno "thaw" kwa habari za theluji inayoyeyuka juu ya mapaa, watoto ambao theluji wameiona kwenye picha za milima ya Rwenzori tu. Ilitosha kuwapeleka kwa fikira mpaka kwenye mialo ya Ziwa Victoria, ambako sangara hutolewa katika barafu akiwa mgumu kama gogo, akawekwa kando, na baada ya muda nyama yake ikaanza kulegea na maji kuchuruzika. Neno ni lile lile, na Kiingereza ni kile kile. Lililobadilika ni kwamba mtoto sasa ana mahali pa kusimama.

Kuna na suala la hesabu, ambalo mtindo wetu haulikabili. Mwaka 2006 Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, alikadiria kwamba mtu asomaye riwaya au gazeti la Kiingereza bila kusaidiwa ahitaji kujua familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na vizalia vyake. Nasi tukifundisha maneno 20 kwa wiki, katika wiki 36 za masomo kwa mwaka, kwa miaka minne ya sekondari ya chini, twapata maneno 2,880. Hata mwanafunzi asiyesahau hata neno moja, naye hayupo, hatafika nusu ya safari. Kwa hiyo orodha, iwe nzuri namna gani, haiwezi kuwa njia kuu. Njia kuu ni kusoma vitabu, na kusoma vingi, ili neno likutwe hapa leo na kule kesho, kila mara likiwa na majirani wengine. Kazi ya orodha ni kumtayarisha msomaji, si kuchukua nafasi ya kusoma.

Je, Kiswahili kina nafasi gani katika jambo hili? Wenzetu wengine husema: acheni maelezo marefu ya Kiingereza, wapeni watoto tafsiri ya neno moja. Twakubali kwamba katika darasa lenye watoto wa lugha nyingi Kiswahili chaweza kuwa daraja, na tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kilipotajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi yetu, hatuna haja ya kukitumia kwa kificho. Lakini tafsiri ya neno moja ni mtego ule ule uliovaa kanzu. Kama tungalimwambia kijana yule kwamba neno lake ni "maarufu", angalianguka shimo lile lile. Daraja lingalikuwa kumkumbusha maneno ayasikiayo katika taarifa za habari za Kiswahili: jambazi sugu, mhalifu sugu. Neno "sugu" si tafsiri sawasawa ya lile la Kiingereza, kwa maana lataja ukorofi uliokomaa zaidi ya kujulikana. Hata hivyo majirani zake ni wale wale. Mtoto ajuaye kwamba hakuna mwalimu mkuu sugu angalishtuka kalamu ikiwa bado mkononi.

Basi tunatoa rai yetu. Badala ya mistari miwili katika daftari, maana na mfano, tuwe na minne. Wa kwanza uwe maana, iliyoandikwa kwa maneno mepesi lakini isiyoacha uzito wa sifa au lawama. Wa pili uwe majirani wa neno: ni watu gani, vitu gani au vitendo gani huandamana nalo. Wa tatu uwe mahali pake: barua ya serikali, mazungumzo ya nyumbani, msiba, mzaha. Wa nne, na huu ndio mkubwa, uwe sentensi ya mwanafunzi mwenyewe, aliyoitunga kutokana na maisha yake, ikasomwa darasani na kuhojiwa na wenzake. Kicheko kikitokea humo darasani ni sehemu ya mafunzo. Kikitokea mbele ya wageni ni adhabu ya mtu asiye na kosa.

Twajua yatakayosemwa dhidi ya rai hii. Darasa lina wanafunzi zaidi ya themanini. Muda ni mfupi. Mtihani wa taifa haungoji mtu. Ni kweli. Mwalimu akifuata njia hii hatafundisha maneno ishirini kwa wiki. Pengine atafundisha sita. Lakini tumeyaona madaftari ya ishirini kwa wiki. Neno lililokaririwa Ijumaa na kusahauliwa Jumatatu halikuokoa muda wa mtu yeyote. Kuhusu wingi wa wanafunzi, sentensi zaweza kuhojiwa katika makundi, na tumeona kuwa wanafunzi huyakamata makosa ya wenzao upesi kuliko sisi. Tatizo tusiloweza kulimaliza kwa mbinu ni uchache wa vitabu vya kusoma. Hilo ni la shule, wazazi na serikali pamoja.

Tuliahidi kwamba uhakiki huu utaishia nyumbani. Tuyafungue madaftari ya somo letu la Kiswahili. Je, humo hakuna "fariki: kufa"? Hakuna "mrama: kuyumba kwa chombo", bila kumwambia mtoto kwamba leo neno hilo huishi katika "kwenda mrama", na kwamba mipango na ndoa huenda mrama zaidi ya majahazi? Hakuna "kula: kutia chakula kinywani", huku watoto wakikutana na watu wanaokula kiapo, wanaokula njama na wanaokula hasara? Wengi wa wanafunzi wetu wanajifunza Kiswahili kama wanavyojifunza Kiingereza, yaani darasani. Tukiwapa maana bila majirani, tutawapa lugha itakayowaaibisha siku watakapovuka mpaka kwenda Kisumu au Mwanza.

Ama kijana yule, tuliona hatuna budi kulimaliza deni letu hadharani, kwa kuwa aibu yake ilikuwa ya hadharani. Muhula ulipofunguliwa baada ya ule wa ukimya wake, tuliliandika tena lile neno ubaoni pamoja na maana yetu ya zamani, tukaliambia darasa kwamba maana hiyo ilikuwa pungufu na kwamba aliyeitoa ni sisi. Darasa likanyamaza. Kisha mkono ukainuka nyuma. "Mwalimu," alisema, "ningetumia neno gani?" Tukamtajia matatu yenye sifa njema, naye akauliza yanatofautianaje. Somo lililobaki la dakika thelathini lilikwisha kwa swali hilo moja, na orodha ya siku ile haikuandikwa ubaoni.